Kifaa cha kutahadharisha kamera za barabarani: je, kinaweza kukuonyesha njia?

Ukinunua gari lililotumika kutoka Japani au Uingereza, unaweza kukuta juu ya dashibodi kisanduku kidogo chenye kioo, waya wake umechomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Ukiwasha gari kinalia, kinasema maneno usiyoyaelewa, halafu kinanyamaza. Fundi mmoja atakwambia kinanusa tochi za trafiki. Mwingine atasema hiyo ni GPS, ukiitengeneza itakuonyesha njia mpaka kijijini kwenu.

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, kinajuaje kwamba mbele kuna kamera, watu wa Ulaya walikitumiaje kutafutia njia, na kwa nini simu janja iliyoko mfukoni mwako inaweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi hata ukiwa huna bando. Mwishoni tutaeleza namna ya kumtumia mtu namba za mahali ulipo bila kumpoteza. Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa lake linaweza kuwa la kilomita 30 na zaidi.

Kifaa hiki kilitokea wapi?

Uingereza ilianza kufunga kamera za kupima mwendo kando ya barabara mwaka 1992, magharibi mwa jiji la London. Gari likipita kwa kasi kuliko inavyoruhusiwa, kamera inapiga picha, na barua ya faini inamfuata mwenye gari nyumbani.

Kamera nyingi za mwanzo ziliitwa Gatso, kwa jina la Maurice Gatsonides wa Uholanzi. Huyu alikuwa dereva wa mashindano, aliyeshinda Monte Carlo Rally mwaka 1953. Kifaa chake cha kwanza alikibuni ili apime mwendo wa gari lake mwenyewe anapokata kona, apate kuongeza kasi. Baadaye kikageuka kuwa kifaa cha kuwakamata madereva wenzake.

Gatso hupima mwendo kwa rada, yaani hutuma mawimbi, yakaligonga gari na kurudi. Madereva wakaanza kununua vifaa vya kunasa mawimbi hayo kabla hawajaifikia kamera. Lakini kamera si za aina moja. Truvelo, ambazo asili yake ni Afrika Kusini, zilitumia vihisio vilivyolazwa ndani ya lami, hazitumi wimbi lolote la kunaswa. Kuanzia mwaka 1999 zikaja kamera za SPECS. Hizi husoma namba ya gari sehemu moja, zikaisoma tena mbele, kisha zikagawanya umbali kwa muda uliotumika. Nazo hazitumii rada. Kwa kamera za namna hiyo, kifaa cha kunasa rada kilikuwa kama kiziwi.

Ndipo likaja wazo jepesi. Kamera iliyofungwa kwenye nguzo haihami. Ukiandika orodha ya mahali kamera zote zilipo, na gari likajua lenyewe liko wapi, kifaa kinaweza kulinganisha hayo mawili na kumwambia dereva: mbele kuna kamera, punguza mwendo. Hakihitaji kunasa chochote kutoka kwenye kamera. Kinachohitajika ni orodha na GPS.

Kwa nini ilisubiri mwaka 2000?

GPS ni mfumo wa setilaiti wa Marekani, uliojengwa kwa ajili ya jeshi na kutangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Raia waliruhusiwa kuutumia, ila mawimbi yao yalivurugwa kwa makusudi. Ukisimama chini ya mwembe, kipokezi kingeweza kusema uko mita 100 kutoka hapo. Kwa mtu anayetafuta kamera iliyoko upande mmoja wa barabara, hilo halikufaa.

Mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani iliacha kuyavuruga mawimbi hayo. Usiku mmoja tu, vipokezi vya raia duniani kote vikawa vinakosea kwa mita kumi na kitu badala ya mita 100. Miaka michache iliyofuata, vifaa vya kutahadharisha kamera kwa GPS vilikuwa vinauzwa madukani Ulaya, pamoja na vile vya kuonyesha njia tunavyovijua leo.

GPS inafanyaje kazi? Ifikirie redio yako

Sisi wa redio tunaweza kulieleza hili kwa urahisi, kwa sababu GPS ni utangazaji. Kituo hiki kinatuma mawimbi, redio yako inayapokea. Redio yako hairudishi neno kituoni. Hatujui nani amewasha na nani amezima, na hata wakisikiliza watu milioni moja, mawimbi hayapungui.

Setilaiti za GPS ni hivyo hivyo. Ni zaidi ya 24, zinaizunguka dunia mara mbili kwa siku, zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja inatangaza mambo mawili bila kuchoka: niko hapa, na saa hizi ni saa fulani. Masafa yake ni megahezi 1575.42, na ni yale yale Dodoma, London na Tokyo.

Kipokezi kinasikia tangazo hilo na kuangalia limechelewa kiasi gani njiani. Mawimbi husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukijua limechelewa muda gani, unajua setilaiti iko umbali gani. Kikizipata setilaiti nne, kinapiga hesabu na kujua kiko wapi. Hesabu hiyo ni nyeti sana: ukikosea saa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosewa kwa mita 300.

Shika jambo moja hapa. GPS haijui barabara. Haijui mto umefurika wapi, wala duka la mzee fulani liko wapi. Inachotoa ni namba za mahali ulipo, saa, mwendo wako na upande unaoelekea. Njia inatoka kwenye ramani, na ramani ni kitu kingine kabisa. Kifaa cha kamera kina GPS, lakini badala ya ramani kina orodha ya kamera.

Na je, GPS inaweza kutumika kumfuatilia mtu? Kipokezi peke yake hakiwezi, kwa sababu hakitumi kitu. Kifaa cha kufuatilia gari kina kipokezi cha GPS, na pia kina laini ya simu inayopeleka taarifa kwa mwingine. Ndivyo ulivyo mfumo wa VTS kwenye mabasi ya mikoani, ambao LATRA huutumia kuona mwendo wa basi. Setilaiti inaliambia basi liko wapi. Anayepeleka habari LATRA ni mtandao wa simu.

Walikigeuzaje kuwa kifaa cha kutafutia njia?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vifaa vya kuonyesha njia vilikuwa ghali. Dereva wa Uingereza aliyekwishanunua kifaa cha kamera, na ana kompyuta mpakato yenye programu ya ramani kama Microsoft AutoRoute, alijiuliza swali la haki: kipokezi cha GPS ninacho tayari, kwa nini ninunue kingine?

Njia ilikuwepo. Orodha ya kamera inapaswa kuongezwa kila mara, hivyo vifaa vingi vilikuwa na tundu la kuunganishia kompyuta. Baadhi ya modeli zilipitisha katika tundu hilo hilo namba za GPS, mstari baada ya mstari, kila sekunde. Hatua zilikuwa hizi:

Kwanza, unaunganisha kifaa na kompyuta kwa waya wake, na kusakinisha programu ndogo inayoifanya kompyuta ikitambue. Kompyuta inalipa tundu hilo jina, kwa mfano COM3 au COM5.

Pili, unaweka kasi ya mawasiliano iwe 4800. Hiyo ndiyo kasi ya kawaida ya vipokezi vinavyofuata kanuni ya NMEA 0183, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya vyombo vya baharini na kupokelewa na watengenezaji wengi wa GPS.

Tatu, unafungua programu rahisi ya kusoma kinachopita kwenye tundu. Ukiona mistari inayoanza na $GP, kifaa chako kinafaa. Usipoona kitu, au ukaona herufi za ovyo, jaribu kasi nyingine. Ikishindikana, basi mtengenezaji hakuruhusu, na hakuna mipangilio itakayokusaidia.

Nne, unaifunga programu hiyo, kwa sababu tundu moja haliwezi kusomwa na programu mbili kwa pamoja. Kisha unafungua programu ya ramani, unaielekeza kwenye COM ile ile, na alama ya gari lako inaanza kutembea juu ya ramani.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo, kinaweza, kama modeli yako inapitisha namba hizo nje, na kama una ramani ya mahali ulipo. Bila ramani una namba tu.

Mstari mmoja wa GPS unasema nini?

Huu ni mfano wa mstari ambao kipokezi kingeutoa katikati ya Dodoma:

$GPRMC,083015,A,0610.380,S,03544.520,E,027.0,285.0,140625,,*0C

Usiogope, tuusome pamoja kutoka kushoto.

083015 ni saa: 08:30 na sekunde 15, kwa saa ya kimataifa. Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni saa tano na nusu asubuhi.

A maana yake taarifa ni za kuaminika. Ukiona V badala ya A, kipokezi bado hakijapata setilaiti za kutosha, na namba zinazofuata usizitegemee.

0610.380,S ni latitudo: nyuzi 6 na dakika 10.380 kusini mwa ikweta.

03544.520,E ni longitudo: nyuzi 35 na dakika 44.520 mashariki.

027.0 ni mwendo, lakini si kilomita. Ni maili za baharini kwa saa, kwa kuwa kanuni hii ilianzia majini. Zidisha kwa 1.852 unapata kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao dereva wa Tanzania anaujua vizuri kwenye vibao vya kuingilia vijijini.

285.0 ni uelekeo kwa nyuzi za dira: magharibi, ukipanda kidogo kaskazini.

140625 ni tarehe, 14 Juni 2025.

0C ya mwishoni ni alama ya ukaguzi. Kompyuta hupiga hesabu kwa herufi zote za mstari, na jibu lisipolingana na alama hiyo, inajua mstari umeharibika njiani na inautupa.

Kosa la kilomita 33

Tazama tena latitudo ile, 0610.380. Mtu mwenye haraka ataisoma 6.10380, na longitudo ataisoma 35.44520, kisha ataziandika kwenye ramani ya simu. Ramani itazikubali bila kulalamika, na itamwonyesha mahali ambapo ni zaidi ya kilomita 33 kutoka Dodoma mjini, upande wa kuelekea Bahi.

Kosa liko wapi? Nyuzi moja ina dakika 60, kama saa ilivyo na dakika 60. Saa tatu na dakika 30 si saa 3.30 kwa hesabu ya desimali, ni saa tatu na nusu, yaani 3.5. Vivyo hivyo, dakika za kwenye ramani lazima uzigawanye kwa 60 kwanza.

Chukua 10.380, gawanya kwa 60, unapata 0.173. Jumlisha na nyuzi 6: latitudo ni 6.173 kusini. Chukua 44.520, gawanya kwa 60, unapata 0.742. Jumlisha na 35: longitudo ni 35.742 mashariki. Hapo ndipo Dodoma ilipo.

Kosa la pili ni kusahau kusini. Simu nyingi huandika kusini kwa alama ya kutoa: -6.173, 35.742. Ukiiacha alama hiyo, umehama kutoka Dodoma hadi kusini magharibi mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,300.

Kuna kipimo chepesi cha kugundua makosa makubwa ukiwa Tanzania. Nchi yetu yote iko kusini mwa ikweta. Namba ya kwanza ni kati ya 0.9 na 12, yenye alama ya kutoa au neno kusini. Namba ya pili ni kati ya 29 na 41, mashariki. Ukipewa namba zilizo nje ya hapo, mwambie aliyekutumia azisome upya. Kipimo hiki hakitakamata kosa la dakika na desimali, kwa hiyo siku zote uliza: hizi ni nyuzi zenye desimali, au ni nyuzi na dakika?

Kifaa kilichokuja na gari la Japani

Wengi wetu tunaijua redio ya gari kutoka Japani. Inafanya kazi, ila inaanzia megahezi 76 na mara nyingi inaishia 90, kwa hiyo vituo vyetu vingi havisikiki mpaka ufunge kifaa cha kuihamisha. Redio haijaharibika. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Kifaa cha kamera kina hali ya kufanana na hiyo, lakini upande mmoja tu. Sehemu ya GPS inafanya kazi hapa kama ilivyofanya kazi Japani, kwa sababu masafa ni yale yale. Kinaweza kukuonyesha mwendo, saa na uelekeo. Lakini orodha iliyomo ni ya kamera za Japani, na sauti ni ya Kijapani. Hata kikisikia mawimbi fulani ya rada na kulia, hakijui barabara zetu.

Zaidi ya hapo, ulinzi wa mwendo kwenye barabara zetu kuu mara nyingi ni askari mwenye tochi mkononi. Leo amesimama kwenye mteremko, kesho yuko karibu na shule. Hakuna orodha ya GPS inayoweza kulijua hilo. Atakayekuuzia kifaa hiki akikuahidi kwamba hutapigwa tochi tena, anakuuzia maneno.

Vifaa vingi vya namna hii vya Kijapani havikutengenezwa kutoa namba za GPS nje, kwa hiyo usimlipe fundi kabla hajakuonyesha mistari ya $GP kwenye kompyuta.

Kifaa cha zamani kina matatizo yake

Kipokezi kilichozimwa kwa miaka, kisha kikavuka bahari, kinaamka kikidhani bado kiko kule kilikozimwa. Kinatafuta setilaiti zisizokuwepo juu yake. Kukipata kitabu kizima cha ratiba ya setilaiti kunachukua dakika 12 na nusu za kusikiliza bila kukatizwa. Kiweke mahali penye anga wazi, gari likiwa limesimama, ukisubiri hadi dakika 20. Usikihukumu kikiwa chini ya paa la bati.

Tatizo la pili ni tarehe. GPS inahesabu wiki kuanzia tarehe 6 Januari 1980, lakini hesabu yake ya zamani inafika wiki 1,024 tu, kisha inarudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho programu yake haijarekebishwa kinaweza kukuambia tarehe ya miaka 19 na miezi saba iliyopita. Mara nyingi mahali bado kinapataja sawasawa, ila tarehe na kumbukumbu zake usizitumie.

Sheria zinasemaje huko vilikotoka?

Nchi hazikubaliani. Uingereza inaviruhusu vifaa hivi. Hata vya kunasa rada, mahakama iliamua mwaka 1998 kwamba kuwa navyo si kosa. Ujerumani inamkataza dereva kuvitumia akiwa njiani. Ufaransa ilipiga marufuku vifaa vinavyotaja mahali kamera ilipo mwaka 2012, ikaacha njia ya katikati: kifaa kinaweza kutangaza eneo la hatari bila kusema kamera iko wapi hasa. Eneo hilo lina urefu wa kilomita 4 kwenye barabara kuu za kasi, kilomita 2 nje ya miji, na mita 300 mjini.

Nyuma ya sheria hizo kuna ubishi wa kweli. Wanaoviunga mkono wanasema dereva akionywa hupunguza mwendo, na hilo ndilo lengo la kamera. Wanaovipinga wanasema hupunguza kwa mita mia chache, kisha hukanyaga mafuta tena, na mtoto anayevuka barabara baada ya hapo hana wa kumlinda. Ufaransa ilijaribu kuyashughulikia yote mawili: eneo likiwa refu, dereva hajui kamera iko wapi, inambidi atulie njia nzima.

Simu yako ni kifaa hicho hicho, na zaidi

Ukiwa na simu janja, kipokezi unacho tayari, na ni bora kuliko vile vya zamani. Simu nyingi za sasa husikia pia setilaiti za GLONASS za Urusi, Galileo za Ulaya na BeiDou za China. Mahali pa wazi, kosa lake ni takriban mita 5. Simu ndogo ya kitochi kwa kawaida haina GPS, kwa hiyo mwenye kitochi atahitaji msaada wa jirani mwenye simu janja.

Kusikiliza setilaiti hakuhitaji bando, kama vile kusikiliza redio kusivyohitaji vocha. Kinachokula bando ni kupakua ramani. Ukiwa mjini au mahali penye mtandao mzuri, pakua ramani ya wilaya yako mapema. Google Maps inaruhusu kuhifadhi eneo, ingawa bila mtandao itakupa maelekezo ya gari tu. OsmAnd na Organic Maps zinatumia ramani ya OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na mara nyingi zina vijia vya miguu.

Bila mtandao, simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kujua iko wapi, kwa kuwa inasubiri kuisikia ratiba kutoka juu badala ya kuipata haraka kupitia intaneti. Toka nje, simama mbali na ukuta, subiri.

Ubora wa ramani unategemea nani ameichora. Kwa miaka mingi vijiji vingi vya Tanzania vilikuwa doa tupu. Mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015 umewaunganisha wachoraji walioko mbali, wanaotazama picha za setilaiti, na watu wa vijijini wanaojua majina. Moja ya sababu zake ilikuwa mkoani Mara, ambako nyumba salama ya Mugumu inawapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Anayekwenda kumchukua msichana usiku anahitaji kujua njia ya kufika kijijini. Simu inaweza kumwambia yeye yuko wapi, lakini njia haitaonekana kama hakuna mtu aliyeichora.

Namna ya kumtumia mtu mahali ulipo

Mama mjamzito ameshikwa na uchungu usiku, dereva anatoka mbali na hajawahi kufika kitongojini kwenu. Au pikipiki imepata ajali porini. Fanya hivi:

1. Washa huduma ya mahali kwenye simu, toka nje ya nyumba, subiri alama yako itulie kwenye ramani.

2. Bonyeza na ushikilie hapo ulipo mpaka namba mbili zitokee. Zinakili zote, pamoja na alama ya kutoa na tarakimu nne au zaidi baada ya nukta. Tarakimu mbili tu zinaweza kukupoteza kwa nusu kilomita na zaidi.

3. Zitume kwa ujumbe mfupi wa kawaida, kwa sababu SMS hupita hata pale intaneti inaposhindwa.

4. Andika pia jina la kijiji, kitongoji, na alama moja inayoonekana usiku: mnara wa simu, shule, kanisa au msikiti.

5. Ukizisoma kwa sauti, taja tarakimu moja moja: kusini, sita nukta moja saba tatu sifuri. Mwombe anayesikiliza azirudie.

Mtu mmoja awe barabarani na taa kumpokea dereva. Mahali ambapo mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama unafanya kazi, namba ya bure ni 115. Waeleze kwanza kijiji na kitongoji, namba za GPS ziwe nyongeza ya kumsaidia dereva.

Kwa kifupi

Kifaa cha kutahadharisha kamera ni kipokezi cha GPS kilichopewa orodha ya kamera. Baadhi yake vinaweza kuunganishwa na kompyuta na kutumika kutafutia njia, vingine haviwezi. Ukikuta kimoja kwenye gari lako, kiache kikuonyeshe mwendo, lakini usitoe fedha nyingi kukigeuza. Kazi hiyo simu yako inaiweza tayari. Pakua ramani leo ukiwa na mtandao, kisha jifunze kusoma namba mbili za nyumbani kwako na uziandike mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaweza kuziona.